Msiguse Kidato cha Saba!

"Muuaji yuko juu! Yuko nyuma ya pazia anajifanya kulia!"

Sauti ilitoka chini ya ngazi, mbele ya watu wote wa matanga, siku ya tatu tu tangu Mwinjuma azikwe.

Aliyepiga kelele ni Chausiku, dada wa marehemu, tumbo moja.

Aliyeitwa muuaji ni Somoe, mjane wa marehemu.

Na Somoe hakuweza kushuka kujibu... Hata kichwa hakuweza kukichomoza!

Jamani, nisomeni mpaka mwisho. Najua mna mambo yenu, ila hii nimeibeba siku nyingi na leo naitua hapa. Kila neno nimesimuliwa na waliokuwepo. Na mjue kabisa kwamba namfahamu mtu mmoja ambaye tangu mambo haya yatokee hakuwahi tena kukanyaga kidato cha saba cha ngazi yoyote. Mtamjua mwishoni.

Turudi Keko, mwaka 1952, Mwingereza akiwa bado anatawala.

Mwinjuma alikuwa mfanyabiashara wa nazi. Alijenga nyumba ya ghorofa, ya pekee kwa upande ule. Chini mawe na saruji, juu mbao na bati. Ngazi zilikuwa za ndani, vidato kumi na vinne, na chini ya ngazi hizo akaziba kwa mbao akapata kijistoo cha kuwekea nazi.

Kosa lake lilikuwa moja. Ngazi na korido ya juu alizitandika mbao za makasha ya bandarini, laini, nyepesi. Alisema atabadilisha mwakani. Mwakani haikufika.

Asubuhi moja alirudi kutoka shamba, akapanda ngazi zake kama siku zote. Moja, mbili, tatu...

Kidato cha saba kiling'oka upande mmoja!

Alianguka chali, kisogo kikatua kwenye saruji. Adhuhuri haikumkuta hai.

Wanaume waliokuja msibani wakaukuta ubao ule umening'inia. Wakaupigilia palepale kwa misumari mirefu ili watu wapate kupanda na kushuka. Hakuna aliyechungulia chini yake. Nani achungulie ngazi wakati maiti iko ndani?

Somoe akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, haoni mwanamume asiye maharimu wake, wala haonwi. Pazia zito likafungwa juu ya ngazi, na yeye akakaa nyuma yake kwenye korido, pamoja na mama mkwe wake.

Ndipo siku ya tatu Chausiku akapiga zile kelele.

"Wifi," Somoe alijibu kutoka nyuma ya pazia, "mie nimuue mume wangu kwa lipi?"

"Kwa lipi? Kwa nyumba!"

"Mungu anakusikia, Chausiku."

"Na mama naye alisikia! Mama, si ulisikia nyundo asubuhi ile?"

 Macho yote yakageuka juu.

Mama yao, Bi Mwamvita, alikuwa haoni mwaka wa nne sasa. Lakini masikio yake, ungedhani yana macho! Alikuwa akimjua kila mtu kwa anavyopanda ngazi.

"Nilisikia," alisema. "Mipigo minne ya harakaharaka, kabla Mwinjuma hajarudi. Aliyekuwa anapigilia ngazini ni Somoe."

"Mama! Mie nilikuwa uani nafua!"

"Usiniite mama."

Basi. Watu wakashika vichwa. Mama mtu mzima, haoni, ana msiba wa mwanawe... aseme uongo ili iwe nini?

Sikilizeni, Bi Mwamvita hakuanza kumchukia Somoe siku ile. Chuki yake ilikuwa na miaka kumi na mmoja. Somoe alikuwa mtu wa Kilwa, baba na mama walishafariki, tena hakuwa amezaa.

"Miaka yote hiyo," alikuwa akisema mbele za wageni, "hajatuletea hata wa kufukuza kuku."

Nitawapa mfano mmoja tu, na naomba muushike. Idi ya mwisho kabla ya msiba Mwinjuma alinunua kanga doti mbili zenye maua ya korosho, nyekundu na nyeusi, zinafanana kabisa. Moja ya dada yake, moja ya mkewe, asije akaambiwa anapendelea. Kanga za dukani huja hazijapindwa, mnajua. Bi Mwamvita, pamoja na upofu wake, alichukua sindano akampindia Chausiku zote mbili kwa mkono.

Somoe naye akaleta za kwake, akaziweka mapajani mwa mama mkwe.

Bi Mwamvita alizipapasa, akaziangusha chini.

"Pinda mwenyewe. Mikono yangu haimpindii mtu nisiyemtaka."

Somoe aliziokota, akapinda mwenyewe, akilia.

Mambo yakazidi siku ya saba. Mzee Hija, baba mdogo wa marehemu, alikaa chini ya ngazi akauliza kupitia pazia kama mjane ana neno.

"Ninalo, ba' mdogo. Marehemu alinipa nyumba hii hiba. Alikwenda kuandikisha, karatasi ina muhuri wa Serikali. Imo sandukuni mwake."

Sanduku likafunguliwa mbele ya watu. Kanzu, kofia, tasbihi, saa ya mfukoni iliyokufa...

Karatasi hakuna!

Chausiku alicheka kicheko cha kukereketa.

"Karatasi ya hewa! Ameua kwa karatasi ya hewa!"

Mzee Hija hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kuchoka upesi na kelele. Akakata shauri.

"Mkamwana, kaa eda yako kwa amani, hilo ni la dini. Ikiisha, utarudi kwenu Kilwa."

"Kwetu kwa nani, ba' mdogo? Kwetu makaburi."



Fikirieni sasa. Mwanamke anakaa nyuma ya pazia akizihesabu siku, na siku ile wanawake wengine wanayoingoja wavae na kutoka ndiyo ya kwake kutupwa nje. Tena atoke na jina la muuaji. Kwa jina hilo, nani angempokea Keko, Kilwa au popote?

Ilipokaribia arobaini, ikaonekana ngazi hazifai. Kungekuwa na hitma, wanawake wengi wangepanda kumpa pole mjane, na vidato vyote vilikuwa vinacheza. Hata korido ya juu ilikuwa na mbao mbili zimeliwa na mchwa.

Mzee Hija akaleta seremala, mtu wa Bukoba, Mkristo, jina lake Leodegar. Alikuwa na karakana palepale Keko, na sifa yake ilikuwa moja, hasemi uongo kuhusu mbao.

"Shikamoo bibi," alisalimia kutoka chini.

"Marahaba," alijibu Bi Mwamvita. "Wewe si wa huku."

"Natoka Bukoba, bibi."

"Sauti yako ina baridi."

Leodegar akacheka kidogo.

Tatizo likawa hili: fundi hawezi kumwona mjane, mjane hawezi kumwonyesha fundi kitu kwa kidole. Na Somoe ndiye aliyezijua ngazi zile kuliko wote, maana ndiye aliyezifagia miaka kumi na mmoja.

"Nipitishie vipande vya mbao chini ya pazia," alisema.

Fundi akapitisha vitatu. Somoe akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kisha akavimwagia maji, akavua viatu, akavikanyaga kwa unyayo wa maji.

"Hiki chepesi ni nini?"

"Mkangazi, mama. Mzuri kwa kabati."

"Kinateleza. Na hiki?"

"Mninga. Huo haupindi."

"Na hiki cha mwisho? Kinanishika mguu."

"Mvule, mama. Mchwa hawauli, maji hauogopi."

"Basi mvule. Ngazi zote, na huku korido. Na kila kidato, ukingoni, unichimbie mfereji mwembamba. Kidole cha mguu kiuguse, kijue hapa ndipo mwisho."

"Mfereji wa nini, mama? Sijawahi kuombwa."

"Kuna mtu haoni humu ndani."

Bi Mwamvita, aliyekuwa kwenye mkeka wake pembeni, aligeuza uso ukutani.

"Usinitumie mie kujipendekeza," alisema.

Ndipo Chausiku akaingia. Alikuwa anakaa kwa mumewe nyumba ya tatu, lakini tangu msiba hakubanduka pale.

"Kung'oa ngazi? Nani kasema ngazi zing'olewe?"

"Wifi, mbao zimeoza."

"Zitandikwe jamvi! Jamvi zuri la mkindu, lipigiliwe misumari juu mpaka chini. Watu wakanyage jamvi, yaishe."

"Jamvi juu ya ubao mbovu? Huo si upofu mwingine? Mama atajikwaa, ataanguka kama..."

"Kama nani? Maliza! Kama kaka yangu uliyemuua?"

"Dada," Leodegar aliingilia taratibu, "jamvi halishiki ubao. Ubao ndio unaoshika jamvi."

"Wewe mtu wa bara nyamaza! Umeitwa kupiga misumari, si kuhutubu!"

"Ndiyo, dada."

Sasa Chausiku akamgeukia Mzee Hija, na hapa sauti yake ikabadilika, ikawa ya kulia.

"Ba' mdogo, kidato cha saba ndipo kaka yangu alipokanyaga mwisho. Mnataka kuking'oa mkakipikie? Hata kumbukumbu hiyo aninyang'anye huyu mwanamke? Msikiguse! Nawaomba, msiguse kidato cha saba!"

Watu wakaguna kwa huruma. Hata Bi Mwamvita alifuta jicho.

Mzee Hija akakata shauri tena.

"Ngazi zibaki kama zilivyo, zitandikwe jamvi. Huko juu tu ndiko kuwekwe mvule. Nimemaliza."

Somoe ameshindwa! Chausiku akajitupia kanga begani, akaondoka kwenda Kariakoo kununua jamvi, anatembea kama mtu aliyepona homa.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo neno moja lilipogeuza nyumba nzima.

Asubuhi yake Leodegar alikuja na vyombo vyake na mbao za mvule. Mzee Hija alikuwa barazani. Fundi akasimama chini ya ngazi.

"Mama, nianzie wapi?"

Somoe, kwa uchungu wa kushindwa, hakutaka maneno mengi. Akajibu kwa Kiswahili cha kwao Kilwa.

"Anzia darini. Ng'oa mbao zote kuukuu, usibakize hata moja."

Kwao Kilwa, darini ni juu. Ni ghorofani, pale alipokuwa amekaa.

Kwa Leodegar wa Bukoba, dari ni dari. Lile linalokuwa juu ya kichwa chako.

Fundi akapanda vidato vitatu, akanyoosha shingo kuangalia. Huko juu hakuna dari! Ni bati tupu na kenchi za paa. Akashuka. Akazunguka. Akafungua kijistoo cha nazi chini ya ngazi, akainua uso... Ahaa! Dari si hili? Mbao za makasha zilizoziba tumbo la ngazi, zimechakaa kweli.

Angemwona mama huyo angemwuliza kwa kidole. Lakini pazia...

Akachukua mtaimbo.

Kwaa! Kwaa!

Somoe alishtuka. Sauti ilikuwa inatoka chini ya miguu yake.

"Fundi! Uko wapi?"

"Darini, mama!"

"Mbona nakusikia chini?"

"Ndiyo, mama! Dari liko huku chini!"

"Dari liko chini?! Wee mtu, umelala salama?"

"Nimelala salama mama, na wewe je?"

Hata Bi Mwamvita mdomo ulimcheza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ni wakati huohuo Chausiku alipoingia mlangoni na jamvi jipya kichwani. Aliuona mlango wa stoo uko wazi. Akaona mbao zinashuka moja moja na vumbi lake.

Jamvi lilianguka.

"Acha! Acha! Nimesema msiguse!"

Alimrukia fundi mkononi. Mtaimbo ulishaingia. Ubao wa tano uliachia, na kutoka kwenye tumbo la ngazi, usawa wa kidato cha saba, kikadondoka kifurushi kidogo. Kikampiga Leodegar begani, kikatua juu ya nazi.

Kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa kanga, nyekundu na nyeusi, ya korosho.

Mzee Hija aliingia kutoka barazani.

"Kuna nini?"

 Mzee alikiokota kifurushi, akatoka nacho hadi chini ya ngazi, akakifungua. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ina muhuri.

Mzee Hija alisoma Kiarabu tu. Hizi herufi za Kizungu hazikuwa zake. Akampa fundi.

Leodegar alifuta mikono kwenye suruali, akasoma polepole.

"Mimi Mwinjuma... nimempa mke wangu Somoe nyumba yangu ya Keko, hiba ya mikono miwili, iwe yake. Na mama yangu akae humo kwa raha mpaka siku yake. Asiwepo wa kuwatoa."

Nyuma ya pazia ilisikika pumzi moja tu, ndefu.

Mngedhani yameisha? Yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza!

"Si nilisema!" Chausiku alipaza sauti, macho yamemtoka. "Si nilisema ni yeye! Ameibandua ngazi aifiche karatasi, akapigilia ovyo, kaka akaja akaanguka! Nyundo aliyoisikia mama ndiyo hiyo! Na kanga hiyo ni yake, kaka alimnunulia Idi! Muuaji! Muuaji!"

Majirani walishajaa mlangoni. Maneno yaliingia yakakaa sawasawa kama ubao kwenye ubao mwenziwe. Nyundo. Karatasi. Kanga.

"Nifiche karatasi yangu mwenyewe?" Somoe alilia. "Halafu niombe itafutwe? Wifi, mwogope Mungu!"

"Na wewe kanga una doti kama yake, Chausiku," alisema mwanamke mmoja mlangoni, kwa woga.

"Yangu iko nyumbani, nzima! Nikailete?"

Hapo Bi Mwamvita akasema neno moja.

"Nipeni."

"Nini, mama?"

"Hicho kitambaa. Nipeni mkononi."

Mzee Hija akapanda, akakipitisha chini ya pazia. Bi Mwamvita alikilaza pajani, akatafuta ukingo wake kwa vidole. Akaanza kusogea. Taratibu... taratibu...

Mnajua kipofu anavyoshona? Bi Mwamvita alipopoteza macho alijifunza upya. Kila urefu wa kidole gumba alikuwa akifunga kifundo kidogo, apate kujua sindano imefika wapi.

Vidole vyake vikasimama. Vikasogea. Vikasimama tena.

Kifundo. Kifundo. Kifundo.

"Chausiku," aliita.

"Labeka mama."

"Nani kaupinda upindo huu?"

Chausiku aliangalia mlangoni.

"Nakuuliza. Nani kaupinda?"

"Mama, mie..."

"Ni mie! Mie niliyekuzaa! Somoe sijawahi kumpindia hata kitambaa cha kufutia vyombo. Aliniwekea kanga zake mapajani nikamtupia chini. Kwa chuki yangu, Chausiku. Na leo chuki yangu ndiyo shahidi wake!"



"Na siku ile," aliendelea, "niliposikia nyundo nikauliza nani anapigilia, ulinijibu wewe. Ulikuwa ngazini. Ulisema, 'Somoe huyo, mama.' Nami nikakuamini. Ulikuwa unapigilia kwa mkono wako... na mdomo wako unanitajia mtu mwingine."

Chausiku aliketi palepale chini, juu ya jamvi lake jipya.

"Sikutaka afe," alisema.

"Sema yote."

"Nililifungua sanduku la kaka nikaiona karatasi. Sijui kusoma, lakini muhuri niliujua, na kaka alishaniambia atampa huyu nyumba. Nyumba niliyobeba mawe yake kichwani! Nilitaka kuificha siku mbili tu, nikae naye, nimwulize kwa nini... Kuichoma niliogopa, ya Serikali, nikaifunga kwa ukanda niliouchana kwenye kanga yangu. Nikasikia watu wa sokoni wanaamkiana na kaka huko njiani, yuaja. Kidato cha saba kilikuwa kimelegea, nikakibandua, nikaitumbukiza, nikapigilia upande mmoja. Upande wa pili... sikuwahi. Nikasema nitarudi baadaye."

"Halafu?"

"Halafu akapanda, mama! Akapanda! Nilikuwa jikoni, nilitaka kumwita, nikaogopa ataniuliza kuna nini!"

Alilia mpaka sauti ikakatika. Na mimi ninayeandika haya siwezi kuyapamba. Ilikuwa hivyo. Aliogopa kuulizwa swali, ndugu yake akafa.

Baada ya hapo hakuweza kuirudia karatasi. Wanaume walishapigilia kidato kwa misumari mirefu, mjane na mama wamekaa juu yake usiku na mchana, chini wamejaa wafiwa. Eda ilikuwa imeifungia siri yake ndani ya ngazi. Kilichobaki ni kutandika jamvi.

Mzee Hija alisimama.

"Huyu aondoke. Asionekane tena nyumba hii."

"Ba' mdogo," ilisema sauti nyuma ya pazia, "nyumba ni ya nani?"

Mzee aliitazama karatasi, akasema, "Yako, mkamwana."

"Basi niachieni. Chausiku, panda."

Chausiku aliinuka. Alipanda cha kwanza, cha pili... alipofika cha sita alisimama.  Akainua kanga, akakiruka cha saba, akatua cha nane. Akaingia nyuma ya pazia.

Kofi moja likasikika. Moja tu. Lilisikika mpaka barazani.

Kisha sauti ya Somoe, imetulia, haina huruma hata chembe.

"Sikufukuzi. Ungependa nikufukuze, uende mbali usahau. Hapana. Mama anataka chakula mara mbili kila siku. Utakipika kwako, utakileta wewe, kwa mikono yako, kwa ngazi hizi. Kila siku utapita pale alipoanguka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, wifi."

"Fundi!"

"Naam, mama!"

"Ngazi zote mvule. Na mifereji yangu. Jamvi lile likatandikwe msikitini, humu ndani sitaki kitu cha kufunika."

"Na dari, mama?"

"Dari lipi?"

"Hili la chini."

"Liache wazi. Nataka niwe naliona tumbo la ngazi zangu."

Leodegar alimaliza kwa siku tisa. Watu wa Keko walikuja kuzikanyaga ngazi zile kama wanaokwenda kutazama arusi.

Siku eda ilipoisha, Somoe alikoga, akavaa, akawa tayari kushuka. Bi Mwamvita alimwita.

"Una kanga ambayo haijapindwa?"

"Zote nimepinda, mama. Mwenyewe."

"Fumua moja. Niletee."

Hakuomba radhi kwa neno lolote zaidi ya hilo. Na Somoe hakumkumbatia, msinisingizie. Alifumua kanga ile ya korosho, akampelekea, akashuka zake ngazi.

Chausiku alipeleka chakula miaka sita, mpaka Bi Mwamvita alipofariki. Kila siku mara mbili. Na kila siku kidato cha saba alikiruka, kupanda na kushuka. Somoe alikuwa akisikia mruko ule kutoka chumbani kwake. Hakuwahi kusema kitu.

Sasa deni langu kwenu.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa na bibi ambaye, ngazi yoyote ile, ya hospitali, ya posta, ya shule yangu siku ya mahafali, alihesabu sita kisha akaruka. Nilidhani ni mchezo. Nikawa naruka naye, tunashikana mikono, nacheka. Yeye hakuwa anacheka.

Bibi yangu ni Chausiku.

Tumemzika Alhamisi iliyopita, Chamazi. Miaka michache kabla hajalala kitandani alinikalisha akanisimulia yote, na nusu nyingine nilishaipata kwa Bibi Somoe kabla naye hajatangulia. Mwishoni Bibi Chausiku aliniambia: "Ukinizika, waambie watu. Watakuja kukusimulia nilivyokuwa mwema. Wewe usinitandikie jamvi."

Jana tulifungua sanduku lake. Chini kabisa kulikuwa na kanga ya korosho, nyekundu imefifia, imekunjwa vizuri. Pembeni imechanwa ukanda mmoja. Pande tatu zina upindo wenye vifundo vidogo vidogo. Upande wa nne haukupindwa tena.

Kwa hiyo niliyojifunza ni haya, na nawaachia. Nyumbani kwako ukisikia ubao unalia, usitafute cha kuufunika. Ng'oa, chungulia, ona ulichokiweka huko mwenyewe. Na kama umelegeza kitu na mwenzio yuaja, mwite! Mwite kwa sauti, akuulize chochote anachotaka kukuuliza.

Bibi, nimewaambia. Pumzika.